Mwalimu Mbithe Anaenda Addis

Simu ililia Mwangangi akiwa Kyumbi, ameegemea boneti ya Probox yake, anabishana na muuza machungwa ni nani ameziba njia ya mwenzake. Alipoona jina kwenye kioo, aliacha ubishi. Ndila hakuwa mtu wa kupiga asubuhi. Asubuhi alikuwa kazini, kwenye duka la dawa za mifugo pale Machakos mjini, na mwenye duka hakupenda simu.

"Uko wapi?" Ndila aliuliza, hata salamu hakuna.

"Kyumbi. Kuna nini? Unahema kama umekimbizwa."

"Ile gari ya kumchukua Mwaitu haikuji. Imekwama huko Wamunyu, na dereva amezima simu. Ndege ni saa nane, Mwangangi. Saa nane mchana! Na saa hii ni saa tatu."

"Na mamako anajua umenipigia mimi?"

Ndila alishusha sauti, mama asimsikie huko nyumbani.

"Nimemwambia nimepata gari. Sijasema ni ya nani."

Mwangangi alicheka. Mwaitu wa Ndila, yaani mamake, ni Mwalimu Mbithe. Mwalimu Mbithe alifundisha shule ya msingi Kaani miaka thelathini na mbili, akastaafu, akaanza kufuga nyuki na kina mama wenzake, na asali yao ikawa tamu mpaka wakamwalika kwa mkutano wa wafuga nyuki kule Addis Ababa. Kaani yote ilikuwa inajua hiyo habari. Kitu kingine Kaani ilikuwa inajua ni vile Mwalimu Mbithe alimsimamisha Mwangangi getini miezi mitatu iliyopita, majirani wakiangalia, akamwambia, "Binti yangu haolewi na mtu asiyejua kesho atakuwa wapi."

Ukweli usemwe, hakuwa amemsingizia. Mwangangi aliacha shule kidato cha pili, na hakuna mtu alimfukuza. Alichoka tu kukaa kwa benchi. Akaendesha boda. Akabeba mchanga. Akauza simu. Akachunga ng'ombe wa mfugaji mmoja, Abdiwahab, huko Konza, halafu akaosha magari, halafu akapata hii Probox ya kubeba watu na mizigo. Kila mara alikuwa na sababu ya kuhama, na kila mara Mwalimu Mbithe alikuwa anasikia.

Babake Ndila alifariki Ndila akiwa darasa la nne, kwa hivyo neno la ile nyumba lilikuwa la mama. Na Ndila alikuwa amesema wazi: "Nakupenda, Mwangangi, na wewe unajua. Lakini siolewi Mwaitu akiwa amenipa mgongo. Mimi sina mwingine." Mama naye alikuwa ameweka siku. "Nikirudi Addis," alisema, "nitasema neno langu la mwisho. Likitoka, limetoka."

Na sasa huyo mama ndiye Mwangangi alikuwa aende kumbeba.

"Nipe dakika arobaini," aliambia simu. Kisha akamwambia mtu wa machungwa, "Ziba njia vile unataka. Mimi naenda kwa mama mkwe."

"Mama mkwe gani? Si alikufukuza?"

"Ndiyo naenda kufukuzwa tena."

*

Mwalimu Mbithe alikuwa amesimama getini na suti ya kijani kibichi ile ya sikukuu, kiondo kwa mkono, leso mpya ya kijani begani, paspoti imefunguliwa kama kitabu cha nyimbo. Aliona Probox. Akaona dereva.

"Ndila."

"Mwaitu."

"Hii ndiyo gari umepata?"

"Hii ndiyo iko."

"Kaunti nzima ya Machakos?"

"Mwaitu, saa zinaenda."

Mwangangi alishuka, akavua kofia. "Habari ya asubuhi, Mwalimu."

"Nzuri. Nilikufundisha darasa la saba, na hukuwahi kufika mapema namna hii hata siku moja."

"Hapo darasani Ndila hakuwa."

Lilimtoka tu. Ndila aligeuka akajifanya anafunga geti, na mabega yake yalikuwa yanatingika. Mwalimu Mbithe alimwangalia kijana kuanzia viatu mpaka nywele, halafu akafungua mlango wa mbele mwenyewe.

"Nitakaa hapa. Nataka kuona barabara, na nataka kukuona wewe."

Basi wakaondoka hivyo. Mwalimu mbele na kiondo kwa magoti, Ndila kiti cha nyuma, sanduku kwa buti. Mwangangi alisogeza kioo cha ndani kidogo, ati aone magari ya nyuma. Nyuma hakukuwa na gari. Kulikuwa na Ndila, amevaa gauni la buluu lenye vifungo mbele, nywele amezifunga haraka na moja imetoroka, imelala shavuni. Miezi mitatu walikuwa wanaonana juu ya kaunta tu, katikati ya dawa ya kupe na chupa za chanjo. Mwangangi alikuwa amenunua dawa ya kuku mara saba, na hakuwa na kuku hata mmoja. Sasa macho yao yalikutana ndani ya kile kioo kidogo, na Ndila hakuyaondoa. Aliuma mdomo tu, kama mtu anayeomba kitu kimya kimya.

"Barabara iko mbele," Mwalimu alisema.

"Naiona, Mwalimu."

"Unaiona na kisogo?"

Walipita Machakos mjini bila neno. Walipoanza kuteremka kuelekea Kyumbi, Mwangangi alishindwa kunyamaza. Kunyamaza kulikuwa kunamwasha kama upupu.

"Mwalimu, kadi ya njano iko? Ile ya sindano?"

"Iko. Ukurasa wa tatu." Mwalimu alipigapiga karatasi zilizokuwa ndani ya bahasha. "Waandalizi walituma maelezo ya wageni. Kurasa kumi na moja. Nimezisoma zote mara nne. Kwa Kiingereza."

"Wamesema visa?"

"Mkenya hahitaji visa kule. Ukurasa wa pili."

"Wamesema ukifika huko utapungua miaka saba?"

Mwalimu aligeuza kichwa. "Nini?"

"Kalenda yao iko nyuma. Miaka saba hivi, wakati mwingine nane. Kwa hivyo leo jioni utakuwa umerudi kazini, bado hujastaafu, na mimi bado unanichapa."

Nyuma Ndila alicheka kwa sauti. Mwalimu hakucheka, lakini pia hakumwambia anyamaze, na Mwangangi alichukua hiyo kama ruhusa.

"Na saa zao ni kama zetu, Mwalimu. Jua likitoka wanaanza kuhesabu, saa moja, saa mbili. Wazungu huchanganyikiwa huko, lakini wewe utakuwa nyumbani. Uliza tu, hii saa ni ya wageni ama ni ya kwenu? Na ukivuka barabara anza kuangalia kushoto, magari yao yanapita upande mwingine. Na jioni kuna baridi kuliko Kaani, ule mji uko juu sana. Sweta iko?"

"Iko," Ndila alijibu.

"Na chaja ya simu haitaingia. Matundu yao ni mawili, ya duara. Nimekuja na adapta, iko hapo kwa droo." Aliendelea, sasa amepata mwendo. "Jumatano na Ijumaa wengi wao hawakuli nyama, ni mfungo, usifikiri wanakunyima. Kahawa wanamimina mara tatu, usiinuke baada ya kikombe cha kwanza, utakuwa umewadharau. Na mkikula pamoja, mtu anaweza kuchukua tonge na mkono wake akuwekee mdomoni."

"Aiya! Anilishe mimi?"

"Ni heshima."

"Mtu mzima anilishe mtu mzima?"

"Fungua mdomo tu, Mwalimu. Ukikataa, unakataa yeye."

Mwalimu Mbithe aliangalia karatasi zake, akageuza moja, akageuza nyingine. "Hiyo haiko hapa," alisema polepole. "Wewe umetoa wapi haya yote? Umesoma wapi?"

"Sijasoma. Nimeuliza. Abdiwahab huenda huko kila mwaka mambo ya mifugo. Mke wake, Sahra, amekulia Addis. Nimekaa kwa boma lao wiki tatu nikiuliza, mpaka Abdiwahab akaniambia nikirudi nije na paspoti yangu mwenyewe niende nijionee."

"Wiki tatu? Na wewe ulijuaje utanibeba?"

"Sikujua. Nilikuwa nimwambie Ndila akuelezee."

Ilikuwa kweli. Mwalimu alizirudisha karatasi zake ndani ya bahasha.

*

Walipofika Kyumbi, Mwangangi aliangalia kile kiondo, akasikia kitu ndani kikigongana. Chupa.

"Mwalimu, hiyo ni nini umebeba?"

"Asali. Chupa nne. Ni ya maonyesho, na moja ni ya mwenye mkutano. Kina mama walinipa mkononi, na mkononi ndipo itafikia."

Mwangangi alipiga breki akatoka kando ya barabara, karibu na meza za vitunguu.

"Nini tena?" Mwalimu aliuliza.

"Hiyo asali haitapita. Ukiingia nayo na mkono, wataichukua pale kwa mashini ya kukagua mizigo. Kitu chochote cha maji kikizidi kakikombe kadogo hawakubali."

"Asali si maji."

"Kwao ni maji."

"Mwangangi, usinifundishe. Maji ni maji. Asali ni chakula. Ukurasa wa tisa umeandika vinywaji, mafuta na marashi. Asali haijatajwa."

"Haijatajwa kwa sababu hawakujua kuna mtu ataibeba na kiondo! Mwalimu, niliona na macho yangu. Nilimpeleka mama mmoja wa Yatta, wakatoa chupa yake ya mafuta ya ng'ombe, wakaweka kwa ndoo, mama akalia mpaka ndege ikaitwa. Iingie kwa sanduku."

"Kwa sanduku, na viatu? Asali ya kupeleka kwa watu, uiweke na viatu?"

"Basi toa viatu!"

"Unanipigia kelele?"

"Nakupigia kelele kwa sababu hunisikii!"

Mtu wa vitunguu alikuwa ameacha kupanga vitunguu. Mwalimu Mbithe alivuta pumzi ndefu ile ya walimu, ile ya kabla ya kiboko. "Ndiyo maana," alisema kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana nilisema vile nilisema. Mtu hakumaliza hata kidato cha pili, na leo ananisomesha asali. Mimi. Asali."

Mwangangi alifungua mdomo. Lakini aliyeongea alikuwa Ndila.

"Mwaitu, yuko sawa."

"Ndila."

"Yuko sawa, na wewe unajua. Ulimfundisha kusoma, sawa. Lakini leo yeye ndiye amesoma na wewe ndiye hujasoma." Alishika kitasa cha mlango. "Na si asali tu. Miezi mitatu nimenyamaza kwa sababu ni wewe. Usinitafutie mtu mwingine, Mwaitu. Kama neno lako la mwisho ni hapana, nitalisikia na nitakaa nyumbani. Lakini nitakaa nikimngojea yeye."

Alishuka akafunga mlango kwa nguvu, akaenda nyuma ya gari akafungua sanduku. Mwalimu Mbithe alibaki ameangalia mbele. Baada ya muda aliinua kiondo kutoka magotini, bila kugeuka, akakinyoosha upande wa Mwangangi.

"Visivunjike," alisema tu.

Nyuma ya Probox, mlango wa buti ukiwa umeinuliwa, hakuna mtu mbele angewaona. Ndila alikuwa anatoa viatu. Mwangangi alifunga kila chupa kwa mfuko wa nailoni, Ndila akazungushia kitenge, mmoja anashika, mwingine anafunga fundo. Chupa moja ilikuwa imevuja kifunikoni. Vidole vyao vilinata.

"Sikujua utasema vile," Mwangangi alinong'ona.

"Hata mimi sikujua." Ndila hakuinua macho. "Nimeogopa sana. Umeona vile ameangalia mbele?"

"Nimeona."

"Akinikataza kabisa je?"

Mwangangi aliinua mkono wa Ndila uliojaa asali, akaubusu katikati ya kiganja, polepole, na Ndila akafumba macho. Magari makubwa ya Mombasa yalikuwa yananguruma pale, mtu wa vitunguu alikuwa anaita wateja, na wao wawili walisimama hivyo, wamenata.

"Nenda unawe," Mwangangi alisema mwishowe. "Kuna maji kwa yule mama wa ndizi."

*

Mwangangi alirudi kwa usukani. Mwalimu Mbithe alikuwa na paspoti mkononi. Aliifungua, akaangalia kama kadi ya njano iko ndani, akaifunga. Akaifungua tena, akaangalia, akaifunga. Mwangangi aliwasha gari, halafu akaizima. Alikuwa amegundua hicho kitu tangu Kaani. Ilikuwa mara ya kumi.

"Iko, Mwalimu. Haijatoka."

"Najua iko."

Lori likapita, gari ikatikisika.

"Mwangangi." Hii haikuwa ile sauti ya darasani. "Ile ngazi ya ndege. Iko na mahali pa kushikilia?"

Kijana mwingine angecheka. Mwangangi hakucheka.

"Iko. Pande zote mbili. Nilimuuliza Abdiwahab."

"Uliuliza hata hiyo?"

"Goti lako la kulia. Hukusumbua ukipanda ngazi za kanisa, huwa unajifanya unangoja watu wapite. Kwa hivyo nikauliza. Ukifika hapo chini, pumzika, hakuna mtu atakusukuma. Na masikio yakiziba, tafuna chuingamu. Iko hapo na adapta."

Mwalimu Mbithe aliangalia mikono yake. "Miaka thelathini na mbili nimechorea watoto ndege kwa ubao. Mabawa, mkia, madirisha. Sijawahi hata kuigusa na kidole." Aligeuka kidogo kuona kama Ndila anarudi. "Usimwambie Ndila. Anafikiri mamake haogopi kitu."

"Simwambii."

"Tukifika huko, nikitoka nje, nitajuaje ni gari gani ya kupanda? Wameandika gari ya hoteli itakuwa hapo. Kama haiko?"

Mwangangi alitoa mfukoni kipande cha katoni, amekikata vizuri na makasi. Kilikuwa kimejaa maandishi ya ajabu, ya kujikunja kama wadudu.

"Sahra ameandika. Ni Kiamhari. Hapa ni jina la hoteli yako, hapa ni namba ya simu yao, na hapa ameandika, huyu ni mama yangu, mfikishe salama. Dereva yeyote ukimwonyesha atasoma. Huongei kitu, unaonyesha tu."

Mwalimu alishika ile katoni na mikono miwili. Alipitisha kidole juu ya ule mstari wa mwisho, ambao hakuweza kuusoma, yeye aliyefundisha nusu ya Kaani kusoma.

"Mama yangu," alisema. "Mama ya nani? Ya Sahra?"

Masikio ya Mwangangi yalipata moto. "Aliniuliza aandike nini. Nikamwambia hivyo."

Mwalimu aliuliza ingine, na aliuliza akimwangalia machoni.

"Na kesho wewe utakuwa wapi?"

Lilikuwa lile swali la getini. Mwangangi alilijua, na safari hii hakutafuta jibu tamu.

"Sijui, Mwalimu. Labda hapa Kyumbi. Labda mwaka ujao nimepata lori. Siwezi kukudanganya, kukaa sijui, miguu huniwasha. Nimehama kazi tano." Akashika usukani kwa nguvu. "Lakini Ndila sijamhama. Miaka mitatu. Kila kazi niliyoshika nilikuwa naenda kumwambia yeye kwanza, na nikiacha, naenda kumwambia yeye kwanza. Hiyo ndiyo sehemu moja mimi hukaa. Kama haitoshi, basi haitoshi. Nitakufikisha uende mkutano."

Ndila alifungua mlango wa nyuma, mikono imelowa maji, akawaangalia mmoja baada ya mwingine.

"Kuna nini?"

"Hakuna," walisema wote wawili.

*

Kutoka Kyumbi mpaka Athi River Mwalimu Mbithe aliangalia tu nyasi kavu, ng'ombe, magodauni. Mwangangi aliendesha kama amebeba mayai. Ndani ya kioo Ndila alimwuliza na macho, amesema nini? Na yeye alijibu na bega, sijui.

Halafu, wakipita Athi River, Mwalimu aliongea.

"Ndila. Mwambie huyu asimamishe gari."

Mwangangi alisikia vizuri sana, alikuwa hapo kando yake, kiwiko kwa kiwiko. Lakini alingoja Ndila aseme.

"Simamisha," Ndila alisema, macho yametoka.

Alisimamisha. Mwalimu Mbithe alishuka, akashika goti, akafungua mlango wa nyuma. "Toka. Wewe kaa mbele." Ndila akatoka. Mama akaingia nyuma, upande ule ulio nyuma kabisa ya kiti cha dereva ambapo kioo hakimfikii, akavuta leso kutoka begani, akajifunika kichwa mpaka paji la uso, akageukia dirishani.

Basi ni hivyo, Mwangangi aliwaza. Hata kukaa karibu naye hataki. Alisema ukweli, na ukweli umemmaliza. Aliingiza gia, akarudi barabarani, na sasa Ndila alikuwa hapo kando yake, karibu kabisa, yule ambaye kwa miezi mitatu alikuwa anamwota, na hakuwa na furaha ya kumwangalia.

"Ulimwambia nini?" Ndila alinong'ona.

"Ukweli."

"Wote?"

"Wote."

"Wewe nawe!" Lakini mkono wake ulikuja polepole ukakaa juu ya mkono wake, pale kwenye gia, mamake akiwa hapo nyuma, na hakuuondoa mpaka eapoti.

Walifika saa sita kasorobo. Mwangangi alishusha sanduku, akalipima kwa mkono, akakagua zipu. Aliona afadhali kuaga kama mwanaume. Alijipangusa kiganja kwa suruali, akakinyoosha.

"Safari njema, Mwalimu."

Mwalimu Mbithe alirudi nyuma hatua mbili kama amenyooshewa moto. Akavuta leso ikafunika na shavu, akageuza uso kabisa, akazunguka gari kwa upande ule mwingine ili asipite mbele yake. Mkono wa Mwangangi ulibaki hewani.

Askari wa pale mlangoni, mama mnene mwenye roho safi, aliona yote. "Mama, kwani mmekosana na dereva? Amekukosea huyu?"

"Hajanikosea."

"Basi mbona unamkimbia? Mpe mkono, mama, unasafiri."

"Siwezi," Mwalimu Mbithe alisema, kwa ile sauti yake iliyofika mpaka dawati la mwisho. "Huyu ni muthoni wangu. Mimi mtu aliyeoa binti yangu simshiki mkono, simwangalii usoni, na simsemeshi. Sisi Wakamba tuko na heshima zetu."

Mwangangi alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Muthoni. Mkwe. Alikumbuka babake, mtu mzima na ndevu, akiruka ndani ya mahindi kila alipomwona nyanya mzaa mama anakuja na njia, na nyanya naye anajifunika na kugeukia miti, na wote wawili wanapendana kuliko watu wa nyumba moja. Vijana wa siku hizi hawakuwa wanafuata hiyo tena. Lakini Mwalimu Mbithe hakuwa kijana wa siku hizi, na hakuwa mtu wa kufanya kitu nusu.

Alishusha mkono. Halafu, kwa sababu sasa ilikuwa kazi yake, aligeuza uso akaangalia ukuta.

Ndila alikuwa ameshika mdomo na mikono miwili. Machozi yalikuwa yanapita kati ya vidole. "Mwaitu," alisema. "Ulisema mpaka urudi."

"Nilisema neno la mwisho nitasema nikirudi. Hili ni la kwanza." Mwalimu alishika mpini wa sanduku. "Wajomba zako nitawapigia kutoka huko. Mwambie azungumze na wazee wake, wajipange vile watu hujipanga, na wasikuje mikono mitupu. Na mwambie kitu kingine. Siku ya kurudi anitafutie dereva. Mimi siwezi kupanda tena gari ya muthoni, hata hii ya leo nimepanda na aibu."

"Nitamwambia, Mwaitu."

"Lakini awe anaendesha kama yeye. Sitaki wale wa kukimbia."

Akaingia mlangoni, kitambaa cha leso kichwani, ile katoni imeshikwa pamoja na paspoti, anatembea polepole akilinda goti. Alisimama mbele ya mashini, akaonyesha kiondo kilichobaki na sweta, adapta na chuingamu tu, na yule wa kukagua akampungia mkono apite.

Mwangangi alikuwa bado anaangalia ukuta. Ndila alikuja akamshika mkono, vidole ndani ya vidole, mbele ya watu wote wa eapoti.

"Sasa nitamuagaje?" Mwangangi aliuliza, akipepesa macho. "Hata safari njema hakunijibu."

"Unataka nimwambie?"

"Mwambie."

Ndila alisimama na vidole vya miguu, akapaza sauti juu ya vichwa vya wasafiri. "Mwaitu! Anasema safari njema!"

Kule ndani leso ya kijani ilisimama. Haikugeuka.

"Mwambie nimesikia!"